Je, Wajua? Saksafoni Iliyofichwa Upande wa Pili

Mwaka 1958, Mmarekani Cannonball Adderley, mpulizaji wa saksafoni ya alto, alirekodi albamu ya Somethin' Else. Wimbo mmoja humo, Autumn Leaves, unachukua karibu dakika 11.

Bendi zetu za "Jazz" hapa Tanzania hazikupata nafasi hiyo ya kurekodi wimbo mrefu. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na wenzao walipiga muziki wa dansi, na santuri zao nyingi zilikuwa ndogo, zenye dakika chache kila upande. Nchini hapakuwa na kiwanda cha santuri, hivyo wengi walirekodi Nairobi. Wimbo mrefu uligawanywa: mashairi upande wa kwanza, magitaa na saksafoni zikitamba upande wa pili. Kwangu mimi, utamu wenyewe uko huko!

Miongoni mwa wanamuziki hao, Michael Enoch, "King Enock", aliwika kwa gitaa akiwa Dar es Salaam Jazz, kisha akashika saksafoni Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa 1978.

Msomaji wa Tunduma, Vwawa au Mbozi, kama kabatini kwa babu kuna santuri ya zamani, usiitupe. Ifute vumbi, na uigeuze upande wa pili.