Kizuri chajiuza, lakini tuulize bei yake

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeifunza darasani kwa miaka mingi, lakini juzi mwanafunzi wangu mmoja alinifanya niitafakari upya. "Mwalimu," aliniuliza, "iwapo kila simu huja na kivinjari chake cha intaneti, mbona watu hutafuta kingine?"

Nilimjibu kwa kurejelea historia. Tim Berners-Lee aliunda kivinjari cha kwanza mwaka wa 1990, lakini umma ulivutiwa na Mosaic, kilichotoka katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka wa 1993. Mosaic kilionyesha picha na maandishi katika ukurasa mmoja, na asiyejua ufundi wowote aliweza kukitumia.

Internet Explorer cha Microsoft kilifuata mwaka wa 1995. Baadaye kilifungwa pamoja na Windows, kikaenea na kumpiku mshindani wake, Netscape. Hicho kilijitembeza, nacho kikashinda! Hata hivyo, ushindi ulikilevya. Toleo la sita lilitoka mwaka wa 2001, na la saba halikuonekana hadi 2006. Katikati ya usingizi huo, Novemba 2004, Firefox kikabisha hodi. Kilizuia matangazo yanayochomoza bila kualikwa, na kikawezesha kurasa kadhaa kufunguliwa katika dirisha moja. Watu wakahamia huko kwa hiari yao.

Kwetu Kenya, kero kubwa ilikuwa gharama. Opera Mini, kilichotolewa ulimwenguni mwaka wa 2006, kilizipunguza kurasa ukubwa katika mitambo ya kampuni kabla ya kuzituma kwenye simu. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokishukuru, kwa kuwa niliweza kusoma habari kwenye simu ya vitufe kwa shilingi chache.

Ni dhahiri basi kwamba mtumiaji wa kawaida hajali mashine iliyo ndani ina nguvu kiasi gani. Yeye huuliza: je, kitaniokolea muda? Kitaniokolea fedha? Kitaniondolea usumbufu?

Maswali hayo ni ya haki, ila hayatoshi. Ili kurasa zipunguzwe, ziliwapitia watu wa kati. Hata zile zilizofungwa kwa usalama zilifunguliwa katika mitambo hiyo kabla ya kunifikia. Nilihesabu shilingi nilizookoa, wala sikuwahi kujiuliza ni nani aliyeweza kuziona nywila zangu.

Walimu wenzangu, tusiwafunze wanafunzi kubofya tu. Tuwafunze kuuliza ni nani aliyeunda chombo wanachokitumia, kinapitishia wapi habari zao, na mwenyewe hupata faida gani. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mwanafunzi wangu aliuliza swali zuri. Natamani siku nyingine aniulize na hilo la pili.