Mawimbi Yaliyosimama na Mawimbi Yaliyolala

Mtu aishiye mbali na mji, akitaka kuipata intaneti isiyo na waya kutoka kilima cha pili, aghalabu hufikiri mambo mawili tu: urefu wa mlingoti na ukubwa wa antena. Yote mawili ni ya maana. Lakini liko la tatu lisilomgharimu hata senti moja, na asipolijua laweza kumharibia hayo mawili. Jambo hilo ni ulalo wa wimbi, nalo ndilo tutakalolieleza leo.

Kwanza yatupasa kufahamu ya kuwa wimbi la redio, liendapo, hutikisika likiikingama njia yake. Waya uliosimama wima hutoa wimbi ambalo nguvu yake ya umeme hutikisika juu na chini. Waya uliolazwa hutoa wimbi litikisikalo kushoto na kulia. Waya wa kupokea nao una tabia iyo hiyo: hulishika vema wimbi la namna yake, na la namna ya pili huliacha lipite.

Aliyelionyesha jambo hili ni Heinrich Hertz, Mjerumani, katika mji wa Karlsruhe, mwaka 1888. Alitengeneza fremu ya urefu wa mita 2, akaitandika nyuzi za shaba sambamba, kila uzi sentimita 3 kutoka mwenzake, akaisimamisha kati ya chombo cha kutoa mawimbi na chombo cha kupokea. Nyuzi zilipolingana na mtikisiko wa mawimbi, mawimbi yalizuiwa. Alipoigeuza fremu zikakingamana nao, yalipita. Walimu wengi hulifananisha jambo hili na kamba itikiswayo katikati ya ua wa fito: ikitikiswa juu na chini hupenya baina ya fito zilizosimama, ikitikiswa kando hugonga. Sisi hatuupendi sana mfano huo, maana nyuzi za Hertz hutenda kinyume chake. Uzi ulio sambamba na wimbi ndio ulizuiao, kwa sababu umeme hupata njia ya kwenda ndani yake na kulirudisha wimbi nyuma.

Na hiyo ndiyo siri ya ile antena ya sahani ya fito za chuma, ambayo wengi huifunga juu ya paa kwa kupokea kutoka mbali. Si sahani kamili, ila upepo hupita kati ya fito zake bila kuiangusha, na wimbi lililo sambamba nazo hurudishwa kana kwamba zimeungana kuwa bati moja. Basi fito zikisimama, antena ni ya mawimbi yaliyosimama. Zikilala, ni ya yaliyolala. Ukigeuza kile kipokezi cha katikati peke yake, ukaziacha fito kama zilivyo, wimbi litapenya na kwenda zake.

Hasara yake ni kiasi gani? Antena ikiinama kidogo, nyuzi 10 mathalani, hupoteza sehemu 3 tu katika 100, wala haifai kuhangaika. Ikiinama nyuzi 45, nusu ya nguvu hupotea. Ikikingama kabisa, hubaki sehemu 1 katika 100, na mara nyingi pungufu ya hapo. Na kwa kuwa nguvu ya wimbi hupungua kwa mraba wa umbali, ni sawasawa na kuihamisha nyumba yako mara 10 mbali zaidi.

Tulipata kumzuru mwalimu mmoja wa shule ya mlimani, ambaye ilimpasa kupeleka majina ya watahiniwa wake kabla ya siku iliyowekwa, naye alikuwa amebakiwa na siku mbili. Alikwisha nunua sahani kubwa zaidi, akaongeza mlingoti, na muuzaji alikuwa akimshauri anunue kubwa kuliko hiyo. Tulitazama kwa darubini antena ya kilima cha pili: fito zake zimelala. Za mwalimu zimesimama. Tulilegeza nati mbili, tukaigeuza sahani robo duara, na kipimo kikatoka hasi 88 kikafika hasi 67. (Kumbuka ya kuwa katika hesabu hii hasi ndogo ndiyo bora.) Majina yalikwenda jioni ile ile.

Waliolaza antena zile hawakukosea. Vyombo vya intaneti vya majumbani kwa kawaida huwa na vijiti vilivyosimama, na anayelaza antena zake pande zote mbili hupunguza makelele ya majirani. Ndani ya nyumba ulalo hauna nguvu sana, kwa kuwa kuta huyavurugavuruga mawimbi. Penye uwazi kutoka kilima hata kilima hushika amri yake.

Minara ya simu za mkononi ina desturi nyingine: mingi hutoa mawimbi mawili pamoja, moja limeinama nyuzi 45 kulia na la pili nyuzi 45 kushoto. Mwenye kupokea kutoka huko na afunge antena mbili zilizopishana kama herufi X, kisha azigeuze polepole, akingoja kidogo kila mara kabla ya kusoma kipimo.