Kizibo Rahisi Kuliko Vyote

Hapa Bongwe, Kwale, asubuhi za Julai na Agosti kusi ikivuma, mafuta ya nazi huganda chupani. Unaiinamisha chupa, hakitoki kitu. Shingoni pameziba bonge jeupe. Ukiianika juani kidogo tu, bonge linalainika na mafuta yanamiminika yenyewe.

Kizibo cha namna hiyo ndicho ninachokipa nafasi ya kwanza katika rekodi za vinu vya nyuklia. Kwenye kinu cha chumvi iliyoyeyuka, fueli si vyuma vilivyopangwa. Imeyeyushwa ndani ya chumvi yenyewe, nayo huzunguka mabombani. Chini ya kinu kuna bomba lililozibwa na chumvi iyo hiyo, ikigandishwa kwa hewa ya feni. Stima ikikatika, feni inasimama, kizibo kinayeyuka, fueli yote inashuka kwa uzito wake hadi kwenye matangi ambako mpasuko wa atomi hauwezi kuendelea. Hakuna anayekimbilia swichi. Kule Fukushima mwaka 2011 stima ilipotea, pampu zikasimama, viini vya vinu vitatu vikayeyuka.

Rekodi ya pili ni ya shinikizo dogo. Vinu vingi vya maji hubana maji yake takriban mara 150 ya shinikizo la hewa tuivutayo, yasije yakachemka. Chumvi ya lithiamu na berili, itumikayo kwenye vinu vya chumvi, huchemka kwenye nyuzi 1,430 hivi, kwa hiyo haihitaji kubanwa. Ikivuja, ikishapoa chini ya nyuzi 459 inaganda.

Kinu cha kwanza cha chumvi, na cha moto kuliko ndugu zake, kiliwashwa Oak Ridge, Tennessee, Novemba 1954. Kilikuwa jaribio la kuelekea kinu cha kurusha ndege ya kivita. Kilifika nyuzi 860 hivi na kikazimwa baada ya siku chache. Mdogo wake wa hapo hapo alifanya kazi kati ya 1965 na 1969, na mwaka 1968 akawa kinu cha kwanza duniani kuendeshwa kwa urani-233, ile inayozaliwa na thoriamu. Lakini kinu hicho kina kovu lake. Mwaka 1994, robo karne baada ya kuzimwa, ilibainika kwamba urani ilikuwa imehama kutoka kwenye chumvi iliyohifadhiwa na kuingia mabomba ya gesi. Anayesifu vinu hivi bila kulitaja hilo hawatendei haki wasikilizaji wake.

Kipya kiko Wuwei, jimbo la Gansu, Uchina: megawati 2 za joto, kilianza mpasuko Oktoba 2023, kikatiwa thoriamu mwaka uliofuata. Rekodi ambayo bado haina mwenyewe ni ya kuuza umeme kwenye gridi. Hakuna kinu cha chumvi kilichowahi.

Na thoriamu iliyo karibu nasi? Ni ya kilima cha Mrima, kusini yetu huku huku Kwale, penye msitu wa kaya. Nusu ya thoriamu huchukua miaka bilioni 14 kuoza, zaidi ya umri wa ulimwengu.

Mwaka 2024 wenzetu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga kinu cha nyuklia kilichopangwa kwao. Kwale nayo imewahi kutajwa. Wapangaji wa kinu wakija kuitisha baraza huku, swali langu liko tayari: stima ikipotea saa nane za usiku, kinu kinazimwa na nini?