Unataka Kusomea Uzamili Mtandaoni? Soma Hii Kabla ya Kutuma Karo

Kusoma chuo cha nje ukiwa nyumbani si jambo la jana. University of London iliwafungulia mlango wanafunzi wa mbali mwaka wa 1858. Leo unaweza kusomea uzamili wa biashara ya kimataifa ukiwa Voi au Kitale, jioni baada ya kazi, mradi una bando. Na soko lipo: biashara chini ya AfCFTA, eneo huru la biashara la Afrika, ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2021.

Lakini karo ni pesa nyingi, na ikishatumwa mahali pabaya, kuirudisha ni kazi. Kwa hivyo, fanya haya kwanza.

1. Uliza kama digrii itatambuliwa. Tovuti ya kupendeza si ushahidi. Wasiliana na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) au KNQA kabla ya kulipa hata ada ya usajili. Digrii isiyotambuliwa haitakusaidia ukiomba kazi serikalini.

2. Piga hesabu ya dola. Mapema mwaka wa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Baadaye mwaka huo ilishuka hadi karibu 129. Karo ya dola 1,000 ilitoka 160,000 hadi 129,000: tofauti ya shilingi 31,000, na chuo hakijabadilisha chochote. Kumbuka pia kwamba bei ya dola unayokatwa ukilipa kwa kadi huwa juu kidogo ya ile unayosikia kwenye habari. Weka akiba ya ziada.

3. Lipa chuo, si mtu. Ajenti akikwambia utume karo kwa namba yake ya simu ili "akuharakishie", simama hapo. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, ufuate njia ya malipo iliyoandikwa humo. Jina linalotokea kabla hujathibitisha lilingane na la chuo au la kampuni ya malipo iliyotajwa na chuo. PIN usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

4. Lipa mdogo mdogo. Vyuo vingi vya mtandaoni hukubali malipo kwa kila somo. Ni afadhali hivyo: ukiona masomo hayakufai, hujapoteza karo yote. Pia kuna kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, kwa hivyo usingoje saa ya mwisho.

5. Hifadhi ushahidi. Usifute mesej ya muamala. Iweke pamoja na risiti ya chuo, na usome masharti ya kurudishiwa karo kabla ya kulipa, si baada.

Ukiwa na shaka, tupigie kwanza. Muhula mwingine utafunguliwa. Pesa iliyoingia kwa tapeli huenda usiione tena.