Madoa ya meno si uchafu

Sisi tunaofundisha karibu na volkano Nyiragongo tunaona darasani watoto wanaocheka huku wakifunika mdomo kwa mkono. Meno yao yana madoa meupe au ya kahawia, na wenzao wanawaita wachafu. Nyumbani wengine husuguliwa meno kwa mchanga au makaa. Madoa hayatoki, kwa sababu yamo ndani ya jino lenyewe. Yanaletwa na floridi.

Floridi ni madini yanayopatikana katika mawe, udongo na maji. Ikiwa kidogo, inasaidia: jino linakuwa gumu na halitoboki upesi. Ndiyo maana inatiwa katika dawa ya meno, na mji wa Grand Rapids, Marekani, ulianza kuitia katika maji ya bomba mwaka 1945. Ikizidi, inadhuru. Shirika la Afya Duniani (OMS) limeweka kikomo cha miligramu 1,5 kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Kwetu, moshi wa volkano una floridi. Mara nyingi upepo unaupeleka magharibi, upande wa Rusayo na Sake, na mvua inaushusha juu ya mabati mpaka ndani ya mapipa yetu. Meno ya ukubwani hujengeka ndani ya fizi mpaka karibu miaka 8. Floridi nyingi ya wakati huo ndiyo inayoacha madoa. Ikiwa nyingi sana kwa miaka mingi, hata mifupa inakakamaa na kuuma.

Tufanye hivi:

- Mtoto mchanga anyonye tu kwa miezi 6. Floridi inayopita katika maziwa ya mama ni kidogo sana.
- Tuchemshe maji ili kuua vijidudu, lakini tujue kwamba moto hauondoi floridi.
- Maji ya mvua ya kwanza, yanayoosha majivu kwenye mabati, tuyamwage.
- Kama kuna maji mengine salama yaliyopimwa, wadogo wapewe kwanza.
- Dawa ya meno tusiiache. Chini ya miaka 3, iwe kama punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kama punje ya njegere. Mtoto ateme, asimeze.

Kila kikundi kinaweza kuomba kwenye kituo cha afya maji ya mtaa wake yapimwe floridi. Na kuanzia leo, mtoto mwenye madoa tusimwite mchafu.