Fungu lako kwa mdhamini ni haki, si hisani

Wazazi wanapofariki na kuacha watoto wadogo, mali yao aghalabu huangukia mikononi mwa ami, shangazi au rafiki wa familia. Mtoto akiuliza kodi ya nyumba huenda wapi, hujibiwa, "Ukikua utajua." Msomaji, jibu hilo halitoshi kisheria.

Mali inayotunzwa kwa niaba ya mwingine huitwa amana, naye mtunzaji ni mdhamini. Zipo amana ambazo mdhamini ndiye huamua nani apewe na kiasi gani. Lakini katika amana ya mafungu maalumu, kila mtu na fungu lake hutajwa tangu mwanzo. Tuseme baba aliandika katika wosia kuwa nyumba zake za kukodisha kule Kayole ni za wanawe watatu, kila mmoja thuluthi moja. Mdhamini hawezi kumpunguzia mtukutu ili amwongeze mtiifu. Hata hati ikiwa na jina lake, faida si yake.

Je, pasipo wosia? Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yasema watoto waliofiwa na wazazi wote wagawiwe sawa, na fungu la aliye mdogo liwekwe amana hadi atimize miaka 18. Mtu binafsi hapewi usimamizi huo peke yake. Sharti wawe angalau wawili. Waislamu hufuata sheria yao ya mirathi.

Haki zako

Kwanza, kuonyeshwa hesabu. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mtoto mdogo, jamaa anaweza kudai hesabu kwa niaba yake.

Pili, mdhamini akijinufaisha, korti inaweza kumwamuru alipe na hata kumwondoa.

Tatu, kukabidhiwa. Mwaka 1841 huko Uingereza, katika kesi ya Saunders na Vautier, kijana aliyeachiwa hisa ambazo angepokea akiwa na miaka 25 alizidai alipofika 21, umri wa utu uzima wakati huo, akapewa. Fungu lilikuwa lake zima, hivyo hapakuwa na sababu ya kumngojesha. Sheria yetu ya amana ina asili hiyo hiyo.

Basi anza kwa heshima: omba nakala ya wosia au hati ya amana, andika barua ya kutaka hesabu, nawe ubaki na nakala. Ukipuuzwa, nenda kortini. Kudai kilicho chako si utovu wa adabu.