Aliyeumwa na nyoka: mbona daktari atoa damu kwanza?

Swali hili naulizwa sana hapa Kilifi, na mara ya mwisho liliulizwa kwa hasira. Kijana kaumwa na bafe shambani, mguu umefura, kafikishwa hospitali, halafu badala ya sindano anatolewa damu. "Wanatuchezea?" La, hawachezi.

Dawa ya kuvunja sumu hutengenezwa kwa damu ya farasi, na kuna watu ambao mwili wao huikataa vibaya hata pumzi zikabana. Tena ni ghali na haipatikani kila mahali. Na nyoka wakati mwingine huuma bila kutia sumu. Ndiyo maana daktari hutaka kujua: sumu imeingia? Imefika wapi?

Damu ndiyo shahidi. Sumu ya bafe huozesha nyama, na mwili huwaka kama uliovamiwa. Seli nyeupe ziitwazo neutrofili humwagika kwa wingi, na zile ziitwazo limfosaiti hupungua. Kipimo cha kawaida cha damu huzihesabu zote mbili. Kazi ni kugawanya tu. Mtu mzima mwenye afya, akiwa na neutrofili 60 na limfosaiti 30 katika kila seli nyeupe 100, anapata 2. Mwenye 90 na 6 anapata 15, na hapo daktari hukaza macho. Tafiti za nchi kadhaa zimekuta kuwa waliozidiwa na sumu huwa na hesabu ya juu zaidi.

Kuna pia protini ya CRP, inayotoka kwenye ini. Hiyo huchukua saa kadhaa kupanda na hufika kilele kama siku ya pili. Ndiyo sababu damu hutolewa tena na tena, jambo linalowaudhi jamaa kuliko yote.

Lakini hesabu hizi zina mipaka yake. Maambukizi ya kawaida nayo huzipandisha. Na koboko ni habari nyingine kabisa: sumu yake hushika mishipa ya fahamu, mguu haufuri sana, na mtu anaweza kukosa pumzi kabla hata karatasi ya maabara haijarudi. Kope zikilegea na ulimi ukawa mzito, hakuna kungoja hesabu.

Kipimo ninachokipenda mimi hakihitaji mashine. Damu kidogo hutiwa katika chupa ndogo ya kioo, mpya na kavu, ikaachwa imetulia dakika 20, kisha huinamishwa. Ikimwagika kama maji, haijaganda: sumu imeharibu mgando. Yuko nyoka wa mitini huku kwetu mwenye sumu ya namna hiyo. Zahanati isiyo na umeme yaweza kukifanya, na sioni kwa nini yoyote ya Kwale au Kilifi ikose chupa hiyo.

Jiwe la nyoka, kamba na wembe havimo katika hesabu hii. Wembe huongeza jeraha, na kamba iliyokazwa huua mguu. Mlaze mgonjwa atulie, mguu usichezeshwe, pete na bangili zivuliwe, gari litafutwe.